Mzani wa kahawa na daftari la mtoto wa Maya

Saa kumi na moja alfajiri, katika vijiji vya milimani magharibi mwa Guatemala, binti wa miaka kumi huwa ameshaamka. Mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa jioni iliyotangulia yanamsubiri. Anayaosha, anayapeleka kwenye mashine ya kijiji au anayasaga kwa jiwe, kisha mama anaoka chapati nyembamba ziitwazo tortilla, ambazo ndizo ugali wa huko. Kaka yake yuko njiani kutafuta kuni. Shule inafuata baada ya hapo, kama hakuna palizi.

Hao ni Wamaya, wenyeji wa nchi hiyo ya Amerika ya Kati tangu kabla ya Wahispania. Sensa ya mwaka 2018 iliwahesabu kuwa zaidi ya asilimia 41 ya wananchi wote. Wengi wa walioko vijijini hulima mahindi, maharage na maboga katika kipande kimoja cha mlimani, na kwa familia nyingi mavuno hayafiki msimu unaofuata. Mkulima anayeuza debe la mwisho mwezi wa mavuno na kununua kwa bei ya juu miezi michache baadaye hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Ardhi nzuri ya mabondeni imo mikononi mwa wachache. Rais Jacobo Árbenz alijaribu kuigawa kwa sheria ya mwaka 1952, lakini akapinduliwa mwaka 1954 kwa mkono wa Marekani na sehemu kubwa ya mashamba ikarudi kwa wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, kuanzia 1960 hadi 1996, viliwaumiza Wamaya kuliko wengine wote.

Kwa hiyo fedha taslimu inatafutwa kwenye kahawa ya watu wengine. Familia nzima hufunga mizigo na kuteremka kwenye mashamba makubwa kuchuma. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mchumaji halipwi kwa siku, analipwa kwa uzito wa kahawa mbivu aliyoifikisha kwenye mzani. Kapu la baba likijazwa na mikono ya watoto watatu, uzito unaongezeka, na mnyapara anaandika jina moja tu, la baba. Katika vitabu vya shamba watoto hao hawapo, wala hakuna aliyewaajiri.

Wapo wanaodai kwamba wazazi wa Kimaya hawathamini elimu. Dai hilo ni jepesi mno. Mwaka wa shule nchini humo huanza Januari na kumalizika Oktoba, wakati uchumaji katika maeneo mengi hushika kasi kuanzia Novemba na kuvuka Januari. Familia iliyobaki shambani mpaka mzigo uishe humrudisha mtoto darasani wenzake wakiwa wameshatangulia, tena mara nyingi akifundishwa kwa Kihispania, lugha asiyoizungumza nyumbani. Mzazi anayapima mambo mawili: wiki chache za masomo, au magunia ya mahindi ya kuvukia kipindi cha njaa.

Bei nayo haimsaidii sana. Mwishoni mwa 2001 arabika ilishuka New York hadi chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na vibarua wengi wakakosa kazi. Ugonjwa wa kutu ya majani ukapiga tena msimu wa 2012/2013. Februari 2025 bei ilipita dola 4, lakini faida ya bei nzuri humfikia kwanza mwenye shamba na msafirishaji. Mkulima wa Moshi au Mbinga, ambaye arabika yake hupangiwa bei kwa kutazama soko hilo hilo, walau ana kahawa yake mwenyewe ya kuuza. Mchumaji wa Guatemala ana mikono tu.

Matokeo yanaonekana kwenye miili. Utafiti wa kitaifa wa 2014/2015 ulikuta asilimia 46.5 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na miongoni mwa watoto wa wenyeji walikuwa zaidi ya nusu. Watoto hao ni wa watu wanaolima chakula.

Hatua inayostahili kuangaliwa na wafanyabiashara wadogo ni sheria ya chakula shuleni ya mwaka 2017. Serikali hutoa fedha, kamati za wazazi hununua, na sehemu ya chakula lazima itoke kwa wakulima wadogo wa karibu. Mtoto anapata mlo unaomvuta darasani, baba anapata soko la maharage na mayai pale pale kijijini. Tatizo ni risiti. Ili auze, mkulima anatakiwa asajiliwe na mamlaka ya kodi na atoe ankara halali, na kwa mtu asiyesoma Kihispania hicho ni kikwazo kizito kuliko palizi. Asiyeweza kukivuka anamwachia mchuuzi wa mjini soko hilo, na Novemba ikifika anafunga mizigo kama kawaida, watoto wakiwa mbele.