Kabla ya kununua tela ya kufungwa



Juma hili katika ukurasa wetu tunaleta habari ya kuhama, kwa sababu mwezi wa saba unakaribia. Masomo yakiisha kufungwa, ndipo jamaa nyingi za hapa Lubumbashi zinafunga mizigo na kufuata kazi Kolwezi. Njia ni karibu kilometa 300, kupitia Likasi. Wengi wetu tumeifanya safari hiyo vyombo vikiwa juu ya kamiyo ya wazi. Tulifika magodoro yamejaa vumbi, kabati haina kioo, na masufuria mengine hatukujua yalianguka wapi.

Kwa hiyo mwaka jana, mama mmoja wa kikundi chetu alipotuambia kwamba kuna tela ya kufungwa inauzwa, ile remorki yenye kuta za bati, paa na mlango wa ufunguo, tulifurahi. Mume wake alikuwa amekwisha kutangulia Kolwezi, na mwenye nyumba hapa alikuwa amempa siku mpaka mwisho wa mwezi. Bei ilikuwa dola 2,400. Yeye alishauri kikundi kiinunue, aitumie wa kwanza, halafu tuikodishe kwa wengine. Pesa ilikuwako: ni akiba ya wamama 25, ndani ya sanduku letu la kufuli tatu.

Tuliamua kwenda kuiona kwanza. Tulikwenda sisi watatu tunaoshika funguo, mama mwenye kuhama, na mpwa wa mmoja wetu ambaye ni fundi wa motokari.

Kwa macho yetu ilikuwa nzuri. Rangi nyeupe, kufuli mpya, ndani kumefagiwa. Sisi tulikuwa tunahesabu namna vitanda vitakavyosimama, lakini fundi hakuangalia rangi. Alilala chini akaingia kwenye magurudumu.

Alituonyesha kwanza namba nne zilizoandikwa ubavuni mwa mpira: 1416. Maana yake ni kwamba mpira ulitengenezwa juma la 14 la mwaka 2016. Meno ya mpira yalikuwa bado marefu, kwa sababu tela ilikaa tu bila kutembea, lakini ubavuni kulikuwa na nyufa. Mpira unazeeka hata ukilala. Ukipasuka njiani huku tela imejaa, unaweza kuvuta motokari nzima nje ya barabara. Fundi akasema: hesabuni mipira mipya miwili na wa akiba mmoja, na mtoe pesa hiyo katika bei.

Halafu alikanyaga sakafu kwa kisigino. Karibu na mlango ubao ulikuwa laini kama mkate uliolowa. Maji yalikuwa yanaingia. Ili kujua yalipita wapi, mmoja wetu alisimama ndani, sisi tukafunga mlango na kuushika kwa nje, atafute mwanga katika paa. Aliona matundu mawili. Lakini alipotaka kutoka, alipapasa mlango wote na hakukuta mahali pa kushika. Mlango ule ulifunguka kwa nje tu. Ilikuwa dakika moja tu, na saa nne ya asubuhi, naye alitoka na jasho usoni.

Ndipo mama mwenye kuhama alinyamaza. Baadaye alituambia sababu. Alikuwa amekwisha kupanga kuwaweka watoto wake watatu wakubwa ndani ya tela, juu ya magodoro, ili asilipe nauli zao. Aliwaza kwamba watalala vizuri na mvua haitawapata.

Wamama, tunaliandika jambo hili wazi, kwa sababu tunajua si yeye peke yake mwenye wazo hilo. Hakuna mtu anayesafiri ndani ya tela ya kufungwa. Hakuna mtoto, hakuna kijana wa kulinda mizigo, hata kwa mwendo wa mtaa mmoja hadi mwingine. Bati linashika joto, hewa ni kidogo, kabati linaweza kuanguka, na shofere hasikii mtoto akipiga kelele. Nauli ya basi ni ghali, lakini ni sehemu ya bei ya kuhama. Ihesabuni tangu mwanzo.

Tuliendelea. Katika chuma cha mbele kulikuwa na kibao kidogo: uzito wote usipite kilo 1,350. Tela yenyewe, ikiwa tupu, ilikuwa na kilo 600. Basi mizigo inayoruhusiwa ni kilo 750, sawa na mifuko 15 ya simenti. Nasi tulidhani kwa kuwa ni pana, inaweza kubeba nyumba nzima. Tulirudi nyumbani kwa yule mama na kuandika vyombo vyake vyote. Vingine tulivipima kwa mizani ya muuza unga, vingine tulikadiria: friji, meza ya kushonea, viti vya sebule, vitanda, mifuko sita ya unga ya kilo 25, mashine ya umeme, masanduku. Tulipata kilo 845, na kinu kilikuwa bado uani. Tela ingekuwa na nafasi, lakini nguvu haingekuwa nayo. Na motokari ya kuivuta nayo ina mpaka wake. Shofere lazima aujue kabla ya kukubali kazi.

Jambo lingine hatukulitegemea. Tela ilitoka Afrika ya Kusini, ambako motokari zinapita upande wa kushoto. Mlango wake mdogo wa ubavuni ulikuwa kushoto, upande wa watembea kwa miguu kule kwao. Huku kwetu tunapita kuume. Ukisimama kando ya barabara na kufungua mlango ule, unatoka mbele ya makamiyo ya shaba yanayopita mbio. Si sababu ya kuikataa, lakini ni sababu ya kuufunga mlango huo kwa kufuli na kutumia ule wa nyuma.

Mwishoni tuliomba karatasi. Karatasi ya umiliki ilikuwa na jina la mtu mwingine. Muuzaji alisema ni ndugu yake, yuko ng'ambo ya mpaka. Karatasi ya mauzo kati yao haikuwako. Tulimwambia: leta karatasi ya mauzo yenye sahihi, tuiandikishe kwa jina la kikundi, na upunguze bei ya mipira na sakafu. Tutalipa siku hiyohiyo. Alikubali. Hakurudi.

Siku zile zilikuwa ngumu. Mwenzetu alikasirika. Alisema tunamwacha na vyombo mlangoni kwa sababu ya karatasi. Tulielewa uchungu wake, na hatukulala vizuri. Lakini pesa ile haikuwa yetu sisi watatu. Ilikuwa ya mama muuza makala, ya mama mjane, ya wote 25. Tela ikikamatwa barabarani kwa kukosa karatasi, nani angewarudishia? Na vyombo vya yule mama vingebaki kando ya njia.

Tulifanya hivi: tulimpa mkopo mdogo kutoka sandukuni, akakodi kamiyo pamoja na jamaa nyingine iliyokuwa inahamia Kolwezi. Tulifunika mizigo kwa maturubai mawili, moja chini na moja juu, tukafunga kamba pande zote. Watoto walikwenda kwa basi na shangazi yao. Alitupigia simu jioni: wamefika wote, beseni moja limepasuka. Mkopo aliumaliza kwa miezi minne.

Je, tela ya kufungwa ni mbaya? Hapana. Kwa mvua, vumbi na wezi ni bora kuliko kamiyo ya wazi. Lakini kwa jamaa inayohama mara moja, kukodi kunatosha. Kwa kikundi, fanyeni hesabu kwanza. Sisi tulihesabu hivi: tukikodisha kwa dola 120 kwa safari, na dola 40 zikienda kwa mipira, bima, matengenezo na mlinzi, zinabaki 80. Kurudisha 2,400 ni safari 30. Mwaka ule, katika kikundi chetu na majirani, jamaa zilizohama zilikuwa saba.

Ikiwa mtanunua au kukodi, shikeni haya siku ya kupakia. Vitu vizito viwekwe chini, na zaidi ya nusu ya uzito, karibu kilo 60 kwa kila 100, iwe mbele ya magurudumu. Uzito ukikaa nyuma, tela inayumba kama mlevi, hasa kamiyo kubwa ikiwapita. Ikianza kuyumba, shofere asikanyage breki kwa nguvu. Aondoe mguu kwenye mafuta polepole, ashike usukani sawasawa. Minyororo ya usalama ifungwe kwa kupishana chini ya kiungo. Taa za nyuma zijaribiwe mtu mmoja akisimama nyuma. Baada ya kilometa 20 hivi, simameni na kukaribisha mkono katikati ya gurudumu: likiwa na moto mkali, rulema zinaharibika, msiendelee.

Mbabula iliyopikiwa asubuhi isiingie ndani. Makala yanaonekana yamekufa, kumbe moto ungali moyoni. Bidoni ya mafuta ya mashine isiingie vilevile. Na vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shule na dawa za watoto, mama ashike mwenyewe katika mfuko wake, si katika sanduku la nyuma.

Sanduku letu la kufuli tatu lingali limefungwa, na pesa za tela zimo. Tukipata nyingine yenye karatasi safi, tutaita mkutano tena na kuhesabu tena. Kama kikundi chenu kimekwisha kununua tela, tuleteeni habari yenu, hata ile iliyowauma. Tutaiweka hapa, iwafae wengine.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.