Dada wa Watu Hajanenepa, Picha Ndiyo Imevutwa!

Povu limemwagika siku mbili nzima kwenye picha ya yule staa wa filamu. Gauni jekundu kali, nywele zimetulia, taa za studio za maana. Shida ikawa mwili. "Amepigwa sindano za hipsi huyo." "Mimba hiyo jamani, msitufiche." Wengine wakachimbua picha zake za mwaka juzi wakaziweka pembeni, kama vile wanapeleka ushahidi mahakamani.

Kumbe sindano hakuna, mimba hakuna. Itazame ile picha vizuri: hata saa ya ukutani nyuma yake imekuwa yai. Kiti kimetanuka, taa zimetanuka, na mwenyewe katanuka pamoja nazo.

Hesabu yake ni nyepesi tu. Simu nyingi zinatoa picha ya wima yenye pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa kimo. Kijana anayeshika akaunti anataka picha ya mraba, 1080 kwa 1080. Basi anaandika namba mbili hizo kwenye kompyuta, anabonyeza OK, anaposti. Sasa picha hiyo ikishushwa kwa haki mpaka kimo cha 1080, upana unatakiwa uwe 810. Yeye kalazimisha 1080. Yaani kamuongezea mwenzake theluthi nzima ya upana bila hata sahani moja ya chipsi mayai.

Ikiwa picha ni ya kulala, mambo yanageuka. Ukiilazimisha kuwa mraba mtu anakuwa mwembamba kama mlingoti, na hapo komenti zitasema anaumwa, tena ugonjwa watautaja kwa jina. Bongo kila mtu ni daktari.

Kinachoudhi ni kwamba dawa yake haiuzwi. Ipo kwenye kompyuta tayari, inaitwa Paint, ile ile ambayo wajuaji wanaicheka kwamba ni ya watoto kuchorea nyumba na jua. Imekuwepo tangu Windows ya kwanza mwaka 1985, na mwaka 2017 Microsoft walipoiweka kwenye orodha ya vitu wasivyokusudia kuviendeleza, watu walipiga kelele mpaka kampuni ikatoka kusema haipotei. Fungua picha, bonyeza Ctrl na W, chagua Pixels, hakikisha palipoandikwa Maintain aspect ratio pamewashwa. Andika upana peke yake. Kimo kitajijaza chenyewe, usikiguse! Wenye Mac nao wanayo Preview: ingia Tools, kisha Adjust Size, uache tiki kwenye Scale proportionally. Dakika haiishi.

Na kama lazima iwe mraba, basi kata, usivute. Ile timu ndicho ilichofanya mwishowe. Picha ilifutwa usiku, asubuhi ikarudi imekatwa chini. Viatu havikuonekana na bila shaka aliyevitoa kwa ajili ya tangazo alinuna, lakini angalau sura ilikuwa ya mwenyewe.

Utasikia wakijitetea kwamba hawana Photoshop. Nani kawaambia inahitajika? Hii ni kazi ya kupunguza saizi, si kumtoa mtu chunusi. Kuna na wale wa "acha watu waongee, kiki ni kiki". Sawa, ila kiki hiyo anaila nani? Mwenye akaunti anahesabu komenti, mwenye mwili anasoma matusi, na mama yake naye ana simu janja.

Kuna kosa la pili ambalo watu hawalisemi sana, nalo ni kuseviwa kwa picha ndogo juu ya picha kubwa. Ukishapunguza mpaka 1080 na kubonyeza Save, zile pikseli nyingine zimekwenda na hazirudi. Wiki ijayo promota anataka bango la tamasha, anapewa kile kipicha, anakivuta kijae ukuta, na msanii anatokea barabarani kama kafunikwa chandarua. Kompyuta haiwezi kurudisha kope ambazo hazipo kwenye faili, inabahatisha tu. Ndiyo maana ya Save As: kopi ndogo ipewe jina lake, ile mama ibaki ilivyo. Halafu picha za mpigapicha zitumwe WhatsApp kama dokumenti, maana zikipita kama picha za kawaida zinabanwa njiani kabla hata kijana wa akaunti hajazigusa.

Wenye picha nyingi, mfano harusi nzima au shoo ya usiku kucha, Paint itawachosha kwa sababu inakwenda moja moja. Hapo kuna IrfanView, kiprogramu kidogo cha tangu mwaka 1996, bure kwa matumizi binafsi ingawa ya biashara inalipiwa. Unalipa folda zima, unalipangia upana mmoja, unakwenda kunywa chai.

Staa analipia mavazi, mekapu, studio na mpigapicha mwenye kamera ya mamilioni, kisha mzigo wote unakabidhiwa kwa mtu ambaye hajui kitiki kimoja kinafanya nini. Huyo naye analipwa mshahara kamili kila mwisho wa mwezi. Wangemlipa kwa vipimo vyake mwenyewe, upana kamili, kimo nusu.