KONA YA MWALIMU: Rula ya Darasani

Mwezi huu tuongee kidogo juu ya kitabu tunachosoma darasa la jioni, Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi ya kubuni, iko hewani, na raia wa huko kazi yake ni kuitikia wakubwa tu. Mtu mmoja, Karama, anataka watu wafundishwe sheria. Basi, imekuwa kesi! Waziri Majivuno anamshtaki barazani. Karama anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mema ya kuifaa nchi. Waliporudi na maarifa mapya wakatiwa kifungoni. Mwisho wa kesi sitawaambia, someni.

Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na wale watu wengine walikuwa wananyamaza tu?"

Nikakumbuka hadithi ya mama. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007, Wakenya wengi walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba, wakawekwa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishwa tena. Mimi nilivuka Busia mgongoni mwa mama. Anasema usiku ule vijana wa mtaa waliambiwa waonyeshe nyumba za kabila letu. Wakaonyesha, vijana tuliochota nao maji bomba moja. Mmoja tu alipofika kwetu akasema, hapa hakuna mtu, walishaondoka. Na sisi tuko ndani, mama amenifunga mdomo na kanga. Si kwamba alikuwa shujaa. Mama anasema hata mbwa alikuwa akiwaogopa. Wenzake walimpiga baadaye.

Sasa, yule binti hakuuliza bure. Wiki moja kabla, siku ya mgao, alitoa rula ya shule akapima kipande cha sabuni. Kilikuwa kifupi kuliko cha mwezi uliotangulia, akasema kwa sauti. Foleni yote ikatazama chini. Nyumbani akagombezwa, majirani nao wakaongeza: nyamaza, utatuharibia faili! Siwalaumu. Neno faili linatisha, hata mama yangu husema hivyo hivyo, na aliyengoja miaka yote hii hataki jina lake litajwe kwa ubaya.

Lakini mimi nilikuwa kwenye foleni ile, mtu wa tatu nyuma yake. Niliiona rula, niliiona sabuni. Nikatazama chini kama wengine. Swali lake darasani sikulijibu, nilisema kengele imekaribia.

Jumatatu tutakwenda kwa kamati ya kambi, mimi na yeye na rula yake. Nimeshaongea na mama yake, amekubali kwa shingo upande. Mzazi anayetaka kufuatana nasi, tukutane chini ya mti wa darasani saa mbili asubuhi. Aliye na kipande cha sabuni ambacho hajakitumia, aje nacho.

Kitabu ni kimoja tu, tafadhali kishikeni kwa mikono mikavu. Tuonane mwezi ujao.