Wimbo wa uzee ulioandikwa na kijana wa miaka 25

Huko Uingereza, familia nyingi huchagua “In My Life” ya The Beatles siku ya mazishi. Wanauchukua kama wimbo wa maombolezo. Ni kusikia nusu yake tu.

John Lennon aliuandika mwaka 1965, akiwa na miaka 25. Mwanzoni maneno yake yalikuwa safari ya basi: kutoka kwao Menlove Avenue hadi katikati ya mji wa Liverpool, akitaja majina ya mahali. Yeye mwenyewe aliona hayana ladha, akayaacha. Yakabaki mambo ambayo mtu wa mji wowote anayajua: mahali palipobadilika, marafiki waliokufa na walio hai. Halafu wimbo unageuka, na hapo ndipo wengi hawasikilizi. Mwimbaji anamwambia mpenzi wake kwamba kumbukumbu zote hizo hazimfikii yeye. Si jambo dogo. Anayezeeka huvutwa kupenda ya zamani kuliko mtu anayekula naye kila jioni.

Katikati ya wimbo Lennon aliacha nafasi tupu. Mtayarishaji George Martin akatunga kipande cha piano kwa mtindo wa Bach, lakini hakuweza kukipiga kwa mwendo uliotakiwa. Akapunguza mwendo wa kanda kwa nusu, akapiga polepole. Kanda iliporudi kwenye mwendo wake, piano ikatoka nyembamba na kali kama klavesini, kile kinanda cha nyuzi cha enzi za Bach. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa studio. Ni ujanja kweli, lakini unafaa mahali pake: siku za utoto zilizokwenda taratibu, mtu akizikumbuka zinapita mbio hivyo hivyo.

Lennon hakuzeeka. Aliuawa New York mwezi Desemba 1980, akiwa na miaka 40.

Aliyeufikisha wimbo kwenye umri wake ni Mmarekani Johnny Cash. Aliutoa mwaka 2002 akiwa na miaka 70, mgonjwa, sauti imechoka. Kwa Lennon maneno yale yalikuwa ahadi ya kijana. Kwa Cash yalikuwa hesabu ya maisha. Mkewe, June Carter, alikufa Mei 2003, naye akamfuata Septemba. Lakini wimbo haukungoja mazishi: ulipotoka, June alikuwa bado hai.