Dume Asifiwa, Mama Analala Njaa

Maseno, pale ikweta inapoikata barabara ya Kisumu kwenda Busia, kondoo wengi hufungwa kamba kando ya njia, kigingi kikihamishwa asubuhi na jioni. Mwenye kondoo akitaka wana wakubwa, hutafuta dume: Dorper mweupe mwenye kichwa cheusi, aazimwe kwa jirani au anunuliwe hata kwa fedha za karo. Imani imeshika mizizi kwamba ukubwa wa mwanakondoo huletwa na baba. Si kweli, na kosa hilo linaua wanakondoo.

Mwaka wa 1938, huko Cambridge, Uingereza, Arthur Walton na John Hammond walichapisha jaribio ambalo lilipaswa kuumaliza ubishi huu. Walizalisha farasi wa Shire, majitu ya kukokota mizigo, na farasi wadogo wa Shetland, kwa njia zote mbili: baba Shire kwa mama Shetland, kisha kinyume chake. Urithi wa watoto ulikuwa nusu kwa nusu. Hata hivyo aliyezaliwa na mama Shire alikuwa na uzito wa takriban mara tatu ya yule wa mama Shetland. Kilichobadilika ni tumbo.

Kondoo hubeba mimba karibu siku 150. Kondo la nyuma, linalopitisha chakula cha mama, hukua mapema, hadi siku ya 90 hivi. Mtoto mwenyewe hupata sehemu kubwa ya uzito wake, kama theluthi mbili au zaidi, katika wiki sita za mwisho. Sasa itazamwe kalenda ya Maseno. Jike aliyepandwa katikati ya Oktoba, mvua za vuli zikinyesha, huzaa katikati ya Machi. Wiki zake sita za mwisho zinaanza Februari: nyasi zimekauka, mabingobingo hukatiwa ng'ombe wa maziwa, na kondoo yuko na kamba yake.

Mtoto wa njaa hiyo huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya kumpa joto. Usiku wa mvua za kwanza huzizima, hushindwa kusimama anyonye, na dang'a lenyewe ni haba kwa mama aliyekonda. Asubuhi hukutwa amekufa. Anayelaumiwa ni dume.

Dume ana sehemu yake, hakuna anayekataa. Nusu ya urithi ni wake, na Dorper, aliyeanzia Afrika Kusini miaka ya 1930, hukua upesi akishiba. Lakini urithi wa mama umedharauliwa mno. Tangu Dorper waanze kusambazwa Kenya kwa ruzuku katikati ya miaka ya 1970, kondoo wa kienyeji aina ya Red Maasai wamechanganywa nao ovyo hadi wa asili wakawa adimu. Majaribio ya Diani, Pwani, miaka ya 1990, yalionyesha kwamba hao Red Maasai huhimili minyoo inayofyonza damu kuliko Dorper. Katika unyevu wa Maseno jambo hilo ni zito: jike anayefyonzwa damu hana cha kumpa aliye tumboni.

Wapo wanaoogopa kwamba jike akilishwa, mtoto atakuwa mkubwa akwame. Hatari hiyo ni ya jike aliyenona kupita kiasi, na wa kamba mwezi wa Februari yuko mbali na unono huo. Sehemu ya fedha za dume inunue dawa ya minyoo na chumvi ya madini. Kuanzia mwisho wa Januari, kila jioni, mwenye mimba apelekewe mzigo wa marando ya viazi vitamu na majani ya sesbania kutoka mpakani mwa shamba.