MLEVI NI MGONJWA, SI TAKATAKA YA KUTUPWA

Ndugu wafanyi kazi,

Nilisoma kwa makini barua ya ndugu yetu mmoja katika toleo lililopita. Alisema chama kisipoteze wakati wala senti ya wanachama kwa ajili ya walevi, maana hakuna aliyewashika midomo akawamiminia pombe. Alisema mlevi afukuzwe, na kazi yake apewe kijana anayezurura bila kazi. Najua wengi waliisoma barua hiyo wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi sikubali, na leo nataka kumjibu kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno.

Kwanza nitamkubalia pale aliposema kweli. Reli haina mchezo na pombe. Mtu aliyelewa asiguse breki, asishike bendera, asikaze nati, asipande trola. Akionekana amelewa, aondolewe njiani saa hiyo hiyo, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kumwambia nyapara. Gari moshi lenye mabehewa ishirini halisimami kwa sababu mtu amepiga kelele. Hapo hatuna ugomvi hata kidogo.

Ugomvi wetu ni juu ya siku ya pili yake. Akishaondolewa njiani, apelekwe wapi? Ndugu yangu anasema apelekwe nyumbani na barua ya kufukuzwa. Mimi nasema apelekwe kwenye matibabu, na kazi yake imngoje.

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Stesheni sitaitaja, wala tajiri. Katika genge letu tulikuwa na mzee mmoja, fundi wa njia, mtu wa kuinama akatazama chuma kwa jicho moja, kisha akakuambia pale mbele pamelala. Mzee huyu alianza na chupa moja ya jioni. Baadaye alikunywa na asubuhi pia, kabla ya kazi, ili mikono iache kutetemeka. Sisi wenzake tulifanya nini? Tulimficha. Tulimketisha chini ya mgunga, tukamfanyia kazi yake, na nyapara akiuliza tulisema ana homa. Tulidhani huo ndio undugu. Tulifanya hivyo kwa muda wa miaka miwili.

Siku aliyokamatwa aliitwa ofisini, akaambiwa aache pombe leo au aache kazi. Alikuwa mtu wa neno lake, akaacha siku hiyo hiyo. Kesho yake alitokwa jasho na kutetemeka mwili mzima. Siku ya tatu akaanza kuona wadudu ukutani, wala wadudu hawakuwako. Usiku akashikwa na kifafa ambacho hakuwa nacho maisha yake yote. Majirani walisema amerogwa. Mpaka gari lilipopatikana, mzee alikuwa amekwisha kufa.

Ndugu zangu, hakurogwa. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka mingi hauwezi kunyimwa ghafla bila hatari. Katika siku za kwanza mtu hutetemeka, huweza kushikwa na kifafa, huweza kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Hospitalini jambo hili hujulikana vizuri. Humpa mgonjwa dawa ya kutuliza, kama dayazepamu, na kuipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Humpa vitamini B1, maji na chakula, na humwangalia usiku na mchana. Mzee wetu angaliweza kupona kwa wiki moja ya kitanda na muuguzi. Kilichomwua ni amri ya mtu aliyedhani ulevi ni ukaidi tu. Na sisi tuliomficha tusijitoe, maana mficha maradhi kifo humwumbua, na hapa tuliyaficha maradhi ya mwenzetu. Basi, yeyote kati yenu anayekunywa kila siku tangu asubuhi, asiache peke yake gizani. Aende kwa daktari kwanza.

Tena, kuondoa sumu mwilini ni mwanzo tu wa safari. Hapa Kitengela, na kwingineko katika Kaunti ya Kajiado, pana nyumba kadhaa za kutibu watu wazima wenye ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Wengi wetu tunapita mbele ya malango yao na hatujui kinachofanyika ndani, tukidhani ni mahali pa kufungia wendawazimu. Kituo kizuri hufanya hivi: kwanza humpima mtu mwili na akili, kisha huondoa ile sumu chini ya ulinzi wa daktari. Baada ya hapo humweka kwa muda, na mara nyingi katika Kenya ni siku 90. Katika siku hizo hukaa na mshauri peke yake, na hukaa na wenzake katika baraza, kila mtu akisema kweli yake. Vituo vingi hufuata zile hatua kumi na mbili za chama cha walevi walioacha, kilichoanza Marekani mwaka 1935. Mke na watoto nao huitwa, maana nyumba nzima imeumia. Mwisho, mtu akitoka hufuatwa kwa miezi mingi ili asirudi nyuma. Na wale waliokamatwa na heroini wana dawa yao, methadoni, inayotolewa Muhimbili katika Dar es Salaam tangu 2011, na Mathari katika Nairobi tangu 2014.

Lakini tufumbue macho. Si kila ubao uliopakwa rangi langoni ni kituo. Serikali imeweka mamlaka ya NACADA kwa sheria ya mwaka 2012, na kituo chochote lazima kiwe na kibali. Ukimpeleka ndugu yako, omba kuona kibali hicho. Uliza daktari ni nani, muuguzi wa usiku ni nani. Nyumba isiyokuwa na muuguzi, inayopiga watu na kuwafungia kwa kufuli, hiyo ni jela ya kulipia. Simu ya NACADA ni 1192, na haina malipo. Iandikeni kwenye ukuta wa kila banda la genge.

Sasa ndugu yangu wa barua atauliza, "Na nani atalipa?" Hapo ndipo penye kiini cha neno lenyewe. Siku 90 bila mshahara, na juu yake gharama ya kituo, ni mzigo ambao mtu wa genge hawezi kuubeba. Bwana mkubwa wa ofisini akishikwa na pombe, huenda kimya kimya "kupumzika", hulipiwa, na hurudi kwenye kiti chake. Mtu wa koleo akishikwa na pombe ile ile, hupewa barua. Ugonjwa ni mmoja. Kwa nini yule awe mgonjwa na huyu awe mkosaji?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, humpa tajiri uwezo wa kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini hata asiweze kazi yake. Wengi wanajua kifungu hicho, maana ndicho kinachosomwa ofisini. Lakini kifungu cha 41 hakisomwi kwa sauti kubwa namna hiyo. Hicho kinasema kwamba kabla ya kufukuzwa lazima mtu aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale pale, na maneno yao yasikilizwe. Na kifungu cha 30 kinatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Hizo ni chache sana kwa siku 90, lakini ndizo za chini kabisa, na hakuna kinachozuia mapatano yetu kupita hapo. Shirika la Kazi la Dunia, Geneva, lilitoa mwongozo mwaka 1996 kwamba matatizo ya pombe na madawa kazini yahesabiwe kama ugonjwa mwingine wowote. Basi hili si wazo nililoliokota kilabuni.

Nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la mwisho la msingi, na jambo moja sikulisahau. Yule Msamaria alipomkuta mtu kando ya njia hakumwuliza kwa nini alipita njia ya hatari peke yake. Alimfunga vidonda, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kulipa na kilichozidi atakaporudi. Wale wawili waliopita upande wa pili hawakumpiga wala kumwibia. Walipita tu. Barua ya ndugu yangu inatutaka tupite upande wa pili.

Kwa hiyo naomba matawi yote yajadili haya, na viongozi wetu wayapeleke kwenye meza ya mapatano:

1. Mwanachama anayejitokeza mwenyewe kabla ya kukamatwa, kazi yake ilindwe, na jina lake lisitangazwe.

2. Anayekamatwa mara ya kwanza bila kuleta madhara, apewe nafasi ya matibabu kabla ya barua ya kufukuzwa.

3. Siku za matibabu zihesabiwe siku za ugonjwa, na tajiri achangie gharama. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa bima ya afya ya SHA. Viongozi wadai jibu la maandishi: kituo gani hapa Kajiado kitampokea mwanachama kwa bima hiyo, na kwa siku ngapi?

4. Anayerudi kazini aanze mahali pasipo hatari kwa wengine mpaka daktari amruhusu njiani.

5. Nasi wanachama tuache kuficha. Tumwambie mwenzetu usoni, tumsindikize mpaka langoni.

Atakayesema, "Wengine watarudia pombe," asema kweli. Wako watakaorudia. Malaria nayo hurudi, wala hatumfukuzi mtu kwa homa ya pili. Na atakayekataa matibabu kabisa, baada ya nafasi zote, huyo sitamtetea. Lakini nafasi kwanza.

Mzee wetu tulimchangia jeneza na gari la kumpeleka kwao. Genge zima lilitoa, hata wale wenye madeni. Pesa ile ingalitolewa mwezi mmoja mbele ingalianza kumlipia kitanda. Nataka safari ijayo tuchange mapema.

Umoja ni nguvu.

Ndimi mwenzenu wa njiani,
Kitengela.