Nyama Iletwe Nyumbani: Wali wa Kukaanga kwa Chakula cha Jioni

Ndugu zangu, kina baba, kina mama, na nyinyi wanafunzi mnaojipikia wenyewe, leo naomba tuzungumze chakula. Najua wako watakaosema ustadhi ameacha darsa la twahara ameingia jikoni. Hakuna ubaya. Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alipoulizwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na Swalah ikiingia hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo ameipokea al-Bukhaariy. Kwa hivyo anayeona aibu mwanamume kushika kisu cha kukatia vitunguu, aibu hiyo hakuipata katika Sunnah.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Hapa kwetu Muganza, na bonde zima la Bugarama hadi kule Kamembe, nyama ya siku za kazi inaliwa barabarani. Baba akitoka kazini jioni hupitia penye moto wa mishikaki, huagiza miwili au mitatu na ndizi ya kuchoma, huzungumza na wenzake, kisha hufika nyumbani ameshiba. Nyumbani nako wamekula wali na maharage, au ugali na majani, na nyama wataiona Ijumaa au siku akija mgeni. Mishikaki si haramu, na maharage ni chakula kizuri sana. Linalonisumbua ni hesabu. Mishikaki mitatu minene ni kama robo kilo ya nyama. Robo kilo hiyo hiyo, ikikatwa nyembamba na kukaangwa pamoja na wali, mayai na mboga, inalisha watu sita na kila mmoja akapata nyama katika kila tonge la pili. Fedha haikuongezeka. Kilichobadilika ni mahali nyama ilipoliwa na nani aliila.

Mtaniambia baba amechoka, naye ana haki ya kustarehe na wenzake. Ni kweli, anayo. Lakini mara nne kwa wiki si starehe tena, ni mpango wa nyumba, na watoto wanauona. Sisi walimu wa madrasa tunakaa nao mchana na jioni, na mtoto huongea bila kuulizwa. Anajua baba yake amekula nini kwa harufu ya nguo zake.

Wali wa kukaanga nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza ni wa haraka. Sisi tulio karibu na ikweta Maghrib yetu huingia kiasi cha saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na 'Ishaa saa moja na ushei, kwa hiyo katikati kuna saa moja tu na dakika kidogo. Anayeanza kuchemsha nyama ya mchuzi baada ya Maghrib atapakua watoto wamelala. Wali huu, vitu vikiwa vimekatwa tayari, unahitaji moto wa robo saa.

Sababu ya pili ni mchele wenyewe. Bonde letu ni bonde la mpunga. Mwezi wa Agosti 2024 mavuno ya wakulima wa Bugarama yalikwama kwa kukosa wanunuzi, mpaka Rais Paul Kagame akalizungumza mbele ya wabunge walipokuwa wakiapishwa. Na sisi wenyewe, tunaolala tukisikia vyura wa mashamba hayo, tukienda dukani tunaulizia mchele mrefu wa Tanzania au wa Pakistani. Sababu inayotajwa ni kwamba huu wetu mfupi, kigori, unashikana. Unashikana, ndiyo, ukipikwa kwa maji mengi na kupakuliwa moto. Ukitendewa kama nitakavyoeleza hautashikana, na mtamu wake utauona.

Basi kwa watu sita chukua vikombe vitatu vya mchele. Uoshe mpaka maji yawe meupe kabisa yasiyo na unga, umwage maji, kisha upike kwa maji pungufu kidogo kuliko ulivyozoea, na chumvi kiasi. Uteleke saa kumi na nusu jioni, si mapema zaidi. Ukiiva, usiuache ndani ya sufuria umefunikwa. Utandaze kwenye sinia pana, uwe mwembamba, ufunike kwa kitambaa chepesi nzi wasiuguse, uweke penye upepo. Mvuke utatoka, punje zitakauka na kuachana. Hiyo ndiyo siri nzima ya kukaanga mchele mfupi, hakuna nyingine.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo la afya. Vitabu vingi vya mapishi husema utumie wali wa jana. Wanaoandika hivyo wana friji. Bugarama ni bonde la joto, na nyumba nyingi hazina friji. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na joto saa nyingi, mbegu hizo huamka na kuzaa sumu, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiukaanga wali huo kwa moto mkali kiasi gani. Kwa hiyo kiporo kilicholala ndani ya sufuria usiku kucha msikikaange mkawapa watoto. Mwenye friji auweke ndani ukishapoa, isipite saa moja, autumie kesho yake. Asiye nayo apike jioni hiyo hiyo kama nilivyosema. Na dada zangu wanaoona uchungu kumwaga kiporo kwa kuogopa israfu, uchungu huo ni wa haki, lakini dawa yake ni kupima mchele kabla ya kupika.

Tuje kwenye nyama. Robo kilo ya mnofu usio na mifupa, kwa mchinjaji mnayemwamini. Ng'ombe wetu wa kuchungwa nyama yao ni ngumu, basi ikate nyembamba sana kwa kupingana na nyuzi zake, siyo kuzifuata. Ukiwa na papai bichi, na hapa kwetu mapapai hayakosekani, paka kijiko kimoja cha papai lililokunwa, iache robo saa tu. Ikizidi hapo nyama inakuwa kama uji. Kisha itie kitunguu thomu na tangawizi vilivyopondwa, pilipili manga, nusu kijiko cha chai cha bizari ya pilau, na chumvi. Kazi hii ya kukata ndiyo namwachia baba. Akiinunua mwenyewe, akaileta, akaikata, hatakuwa na hamu tena ya kupita penye moshi wa barabarani.

Mboga ni zile zilizopo: karoti mbili, kipande cha kabichi, pilipili hoho moja, kitunguu, na majani ya vitunguu. Zikatwe ndogo, ziwe zinalingana, na ziwe kavu.

Mkirudi kutoka Swalah ya Maghrib, makaa yawe yamekolea mekundu kwenye mbabula. Karai ni bora kuliko sufuria. Tia vijiko vitatu vya mafuta, yapate moto hasa, kisha kaanga nyama kwa mafungu mawili. Ukiitia yote mara moja moto hupoa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ikishapiga wekundu itoe. Vunja mayai matatu humo humo, yavuruge, yatoe. Ongeza mafuta kidogo, kitunguu, karoti, halafu kabichi na hoho, dakika mbili tatu tu zibakie na ukakasi. Mimina wali, ugeuze kwa mwiko kutoka chini kwenda juu bila kuuponda, mpaka kila punje ipate moto. Rudisha nyama na mayai, malizia kwa majani ya vitunguu na ndimu. Pakua kwenye sinia moja, mkae wote.

Wengi huniuliza kuhusu sosi ya soya. Soya yenyewe haina tatizo. Ila sosi inayochachushwa kwa njia ya asili hupata kileo kidogo katika kuchachuka, na nyingine hutiwa kileo makusudi ili isiharibike. Maulamaa wana maneno marefu juu ya kile kinachotokea chenyewe kwa uchache, sitayafungua hapa. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni kusoma karatasi ya chupa, na ikiwa imeandikwa kileo waache, zipo zisizo nacho. Na asiyeipata kabisa asione amekosa kitu. Nyama iliyopiga wekundu vizuri, thomu na ndimu vinatosha.

Wengine husema hiki ni chakula cha hoteli, cha wageni. Asili yake ni China, hilo halina ubishi, na Waislamu wa kule wanaoitwa Hui hupikia nyama ya ng'ombe na ya kondoo. Waindonesia nao, ambao ni miongoni mwa mataifa yenye Waislamu wengi zaidi duniani, hula wali wa kukaanga asubuhi na usiku. Na kiwanda chetu cha saruji cha Cimerwa hapa Muganza kilijengwa kwa msaada wa Wachina na kikaanza kazi mwaka 1984. Tumeshaizoea saruji yao, wali utatushinda?

Akitokea mgeni, au jirani mmeona watoto wake wanachungulia, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuusia Abuu Dharr (Radhiya Allaahu 'anhu) anapopika mchuzi azidishe maji yake ili awakumbuke majirani, hadithi iko kwa Muslim. Wali huu hauna mchuzi wa kuzidisha, basi zidisheni kikombe kimoja cha mchele na karoti moja. Nyama iacheni robo kilo ile ile, itafika.

Na nyinyi wanafunzi mliopanga vyumba Kamembe, Huye au Kigali, kwenu ni kikombe kimoja kisichojaa cha mchele, yai moja, na nyama ya kujaa kiganja. Mkiwa watatu mchangiane, mtapika karai moja badala ya matatu na makaa yatabaki ya chai ya asubuhi.

Wabillaahi tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum wa Rahmatullaahi wa Barakaatuh.